Mkalimani Ananyamaza

Miaka kumi na mmoja, hospitalini Cardiff,
nimewauliza watu kwa niaba ya madaktari:
"Je, umeelewa?"
Nao huitikia, hata asiyeelewa,
maana mgonjwa ni mgeni, na mgeni hachagui.
Leo fomu imeletwa kwangu.
Nimetia saini kabla ya kufika ukurasa wa pili.

Fizi zangu zinahama.
Si kwa ghafla. Kama mdaiwa anayetoroka chumba usiku,
leo godoro, kesho jiko,
hadi mzizi wa jino umebaki wazi, wa manjano,
na chai, hata nikiingoja ipoe, inanichoma.
Maji ya bomba ya Januari, usiniulize.

Daktari Rhiannon Pugh alinipa kioo cha mkono.
"Unapiga mswaki kama mtu anayefuta kosa."
Nikacheka nusu. Alijuaje?
Bweni, Mpwapwa, foleni ya alfajiri,
Matroni Sekunda na tochi yake
akichungulia vinywa, kimoja kimoja:
"Sugua! Bado! Sugua!"
Nimesugua miaka thelathini na minane.
Hakuna aliyerudi kuniambia inatosha.

Jino la pembe si dawa ya pengo, tuliambiwa.
Basi dawa ikatafutwa mle mle kinywani:
kipande cha kaakaa, chembamba,
kidogo kuliko stempu ya barua,
kikashonwa juu ya mzizi ulio uchi.
Kiraka cha nguo ile ile.
Ganzi ilikuwa imeninyang'anya mdomo wa juu;
nilihisi uzi ukipita, sikuhisi maumivu,
nikajiuliza kama ndivyo wale ninaowatafsiria
wanavyoisikia sauti yangu.

Kisha nesi, Gethin, akanivisha miwani ya kijani,
akaleta kitu kama kalamu.
Leza, nikajua. Nikakunja vidole vya miguu nikingoja moto.
Haukuja.
Mwanga tu, mwekundu
kama taa ya nyuma ya baiskeli ndani ya ukungu,
ukisimama juu ya mshono, sekunde, sekunde,
ukisogea upana wa punje ya mchele,
ukisimama tena.
Hauna joto. Hauna ladha.
Nikamwuliza daktari kwa macho.
"Si muujiza," akasema. "Kazi ni ya mshono na damu yako.
Huu tunauleta usaidie kidonda kufunga.
Kwa wengine naona unasaidia.
Kwa wengine, sijui."

Nilimpenda kwa lile "sijui".
Sijapewa mara nyingi kulitafsiri.

Siku kumi bila kusema.
Uji wa baridi, kijiko cha mtoto,
mvua ikigonga dirisha langu la Splott
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Dada yangu Msimu akapiga simu kutoka Korogwe.
Nikaguna mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana,
naye, kwa kuwa safari hii sikumkatiza,
akafika mahali ambapo hatujawahi kufika:
kwamba mama aliacha kucheka kwa kinywa wazi
likizo ile niliyotoka bwenini
nikamsahihisha namna ya kupiga mswaki,
mbele ya wageni.
"Ulijua?"
Sikujua ni mguno gani unaofaa.
Salio likaisha.

Ziara ya tatu ya ule mwanga,
mshono umeanza kuyeyuka,
Gethin akapaelekeza pale pa waridi, papya:
kwenu hii inaitwaje?
"Ufizi." Neno la kwanza. Likatoka na mate.
Na zikiwa nyingi?
"Fizi."
Akaandika nyuma ya kadi yangu ya miadi,
akasoma kwa Kiwelisi chake, polepole, akijivunia:
"Vizi."

Sikumsahihisha.